Picha ya Kinachomwangusha Teresa

Honi ya lori la miwa ndiyo iliyomwangusha Teresa mbele ya duka la mbolea pale Awendo, na kwa kuwa hapakuwa na kanisa karibu, hakuna aliyesema amina. Watu walisema, "Mshike!" na "Huyo ametoka bila kula," na mmoja aliyependa kujua mambo ya wenzake akasema mama amelewa saa nne asubuhi. Gurudumu la trela lilipita hatua moja kutoka kwenye kiatu chake. Miwa miwili ilidondoka kutoka juu ya lori, na waliokuja kumsaidia wakaiokota hiyo kwanza.

Bintiye Dolphine alikuwa ng'ambo ya barabara, akipanga viatu vya mitumba juu ya turubai. Aliacha viatu bila mlinzi, jambo ambalo hajawahi kulifanya tangu aanze biashara, akavuka mbio. Alimkuta mama yake amekaa chini, debe la omena, dagaa wa ziwani, alilotoka nalo Sori limemwagika ubavuni, mikono yote miwili imeshika ardhi kama ya mtu aliye juu ya paa.

"Mama, umeumia?"

"Niache kidogo. Dunia inazunguka."

Dolphine alimtazama machoni akaogopa. Mboni zilikuwa zinaruka upande mmoja, zinarudi polepole, zinaruka tena, kama za mtu anayesoma gazeti kwa haraka na habari ni mbaya.

Dereva alikuwa ameshuka nusu, mguu mmoja chini na mwingine kwenye ngazi ya lori. "Mama, pole sana. Hiyo honi nilipigia ng'ombe, si wewe," akasema. Na ili ieleweke ni ng'ombe gani, akanyoosha mkono akaipiga tena.

Teresa, aliyekuwa tayari amekaa, akalala. Akalalia upande wa kushoto.

"Wacha hiyo honi!" Dolphine alipiga kelele. "Unataka kumuua?"

Walimwinua wakamweka kwenye kibaraza cha duka. Alitapika kidogo, akafuta mdomo kwa pindo la leso, akasukuma vizuri pamba iliyokuwa sikioni. "Si kitu, nyathina," akamwambia bintiye, yaani mwanangu. "Ni Roho tu. Hunishika hivyo."

Dolphine alimtazama mama, akalitazama lori likiondoka na moshi wake.

"Roho gani, mama, anakuja na lori ya miwa?"

Swali hilo lilikuwa zito kuliko alivyojua yeye mwenyewe, kwa maana kule Sori Teresa hakuwa mtu wa kuanguka hivi hivi. Alikuwa Mama Nabii wa Kanisa la Mkono wa Baraka, lenye kuta za mabati na ngoma moja kubwa ambayo, watu wa ufuo ule wanaapa, ikilia Jumapili samaki mbuta hugeuza njia ziwani na kurudi Tanzania. Miaka miwili nyuma, ngoma ilipoingia kwenye wimbo, Teresa alianguka. Jumapili iliyofuata akaanguka tena, ngoma ilipoingia, na tena kushoto. Baada ya Jumapili ya nne Askofu Maranga alitangaza kwamba dada huyu ameshikwa, na asiyeona aombewe macho.

Tangu hapo benchi la kushoto likapanda bei. Aliyeangukiwa na Mama Nabii alihesabiwa amebarikiwa. Msichana mmoja aliyeolewa miaka saba bila mtoto aliangukiwa mwezi wa tatu, kufika wa tano akawa anatapika asubuhi. Bhoke, mama wa Kikuria aliyehamia Sori kuuza maziwa, aliangukiwa akavunjika kidole, akasema hata hicho ni kitu. Watu walifika alfajiri kushika nafasi, wale wale waliokuwa wakilikwepa benchi hilo zamani, kwa sababu sikio la kushoto la Teresa lilikuwa likitoa usaha tangu utotoni na harufu yake haikuwa siri ya mtu.

Dolphine hakubishana. Aliuza jozi mbili za viatu kwa bei ya hasira, akafunga turubai, na kesho yake akampeleka mama yake Migori kwa daktari wa masikio.

Daktari Onchiri alikuwa mtu mwembamba mwenye sauti ya chini, kama mtu aliyezoea kuwasikiliza wasiosikia. Alitoa ile pamba kwa koleo ndogo. Mwanamume aliyekuwa amekaa mlangoni akisubiri zamu yake akaona ni afadhali akasubirie nje. Teresa aliona alivyoinuka. Alikuwa ameyaona mainuko hayo maisha yake yote, shuleni, sokoni, hata kwenye harusi yake mwenyewe, na kila mara huangalia chini kama ndiye aliyefanya kosa.

"Hii sikio ilianza kutoa maji lini, mama?"

"Nikiwa darasa la pili. Kwetu Mfangano. Tulikuwa tunaruka kwa maji kutoka kwa mawe."

"Na umekuwa ukiweka nini ndani?"

Teresa akafikiri. "Mafuta ya mbuta. Maji ya kitunguu. Maziwa ya shangazi yangu alipokuwa ananyonyesha. Dawa ya matone ya duka. Na mafuta ya upako."

"Zote hizo?"

"Si siku moja, daktari."

Onchiri hakucheka, ila miwani yake ilisogea. Akasafisha, akaingiza taa, akatazama muda mrefu mpaka Dolphine akaanza kuhesabu vigae vya sakafu. Kisha akasema, "Sasa mama, tazama ukuta. Nitabonyeza hapa," na kwa kidole kimoja akakibonyeza kile kijinyama kilicho mbele ya tundu la sikio.

Ukuta ukaondoka. Teresa akaenda kushoto na kiti chake, na kama si Dolphine angekutana na meza.

"Amina," Teresa akasema, kwa mazoea.

"Mimi sijahubiri," daktari akasema. Akamkalisha vizuri, akangoja macho yatulie. "Sikia. Hapa ndani kuna ngozi imeota mahali si pake. Haina haraka, lakini haichoki. Inakula mfupa kama mchwa. Nyuma ya huo mfupa kuna vitu viwili: kimoja cha kusikia, na kingine cha kukusimamisha wima. Nikibonyeza unaanguka. Honi ikilia unaanguka. Nashuku imetoboa huko kwa kukusimamisha."

"Ukitazama hauoni?" Dolphine akauliza.

"Mimi naona mlango tu. Nyumba sioni. Nataka picha ya skani ya huo mfupa, ikatwe vipande vyembamba kama mkate. Mashine iko Homa Bay. Elfu tisa."

"Na tukikosa?"

Onchiri alikunja mikono. "Mkikosa, tutajua siku usaha ukifika kwa ubongo. Hiyo siku hatutahitaji picha."

Kadi ya bima ya Teresa ilikuwa haijalipiwa. Walitoka nje. Karibu na lango Teresa alisema, kama anayeongea na mkoba wake, "Si nilikuwa tu naanza kukaliwa karibu na watu."

Job, mumewe Teresa, zamani alikuwa fundi wa nyavu. Tangu mkewe ashikwe, sindano ya nyavu ilikuwa imechomekwa kwenye nyasi za paa la jikoni, na buibui ameshaifanyia kazi zaidi yake. Kanisani alikalishwa mbele kwenye kiti chenye mikono, pekee cha aina yake baada ya kile cha askofu. Watu waliomletea Mama Nabii kuku walimkabidhi yeye. Alikuwa na njia ya kumpokea kuku, bila kumtazama, kama mtu ambaye kuku kwake ni jambo dogo.

Aliposikia habari za Migori alimweka chini kuku aliyekuwa mkononi.

"Picha ya nini hasa, Nyar Mfangano?" Ndivyo alivyomwita, binti wa Mfangano, tangu walipooana.

"Ya kinachoniangusha."

"Hiyo mashine inaweza kuona kinachokuangusha?"

"Daktari anasema inaona mpaka ndani ya mfupa."

"Baba, ni ugonjwa," Dolphine akasema. "Sikio inakula kichwa ya mama. Tunatafuta elfu tisa, si maswali."

Job alikwisha simama. Alivaa koti lake la kanisani, ingawa ilikuwa Jumatano, akaenda kwa Askofu Maranga. Tusimwonee; alimpenda mkewe, na usiku ule hakulala kwa hofu. Lakini mtu anaweza kuogopa na huku bado akapenda kiti chenye mikono.

"Askofu," alisema, "watu wa hospitali wamesikia. Wanataka kupiga picha hicho kitu kinachomwangusha Mama Nabii."

Askofu aliweka kikombe chini. "Kinapigika picha?"

"Mashine ya kisasa, baba. Inapita mfupa."

"Na ikishapigwa, picha ni ya nani?"

"Ni ya aliyelipa," Job akasema. Kwa haki yote, hakujua kama huo ni uongo. Aliona tu kwamba ndilo jibu lililokuwa linangojwa.

Jumapili kanisani, elfu tisa zilipatikana kabla wimbo wa pili haujaisha, na zikabaki za nauli. Benchi la kushoto lilitoa kuliko yote. Fundi wa kanisa akapigilia msumari wa inchi nne kwenye nguzo ya mimbari, juu kidogo ya kichwa cha askofu, na picha yenyewe bado haijapigwa.

Homa Bay walifika mapema wakakaa kwenye benchi refu la chuma. Mhudumu wa mashine, kijana mwenye viatu vya mpira, alimwita Teresa kwa jina kamili, likasikika mpaka getini.

"Mama, toa hereni. Vibanio vya nywele pia. Na kitambaa. Chuma ikiwa karibu na sikio inaharibu picha."

Kitambaa kilikuwa kigumu kuliko hereni. Teresa hakuwahi kukitoa mbele ya mwanamume asiye wake, kwa sababu chini yake ndiko alikofunga pamba, na juu ya pamba alipaka marashi ya shilingi hamsini yaliyokuwa yakipigana na ile harufu bila kushinda. Alikitoa. Kijana aligeuza uso kidogo, kisha akaona aibu kwa kuugeuza, akaurudisha.

"Mama, hapa kila mtu analeta chake," akasema. "Jana kulikuwa na mzee amemeza funguo."

"Ya nyumba?"

"Ya pikipiki. Si yake."

Teresa akacheka, na kwa kicheko hicho akaweza kulala juu ya kile kitanda chembamba. Aliogopa sauti. Alijua kila sauti kubwa ni kama mkono mgongoni. Lakini mashine haikupiga ngoma wala honi. Ilivuma tu, kama jokofu la duka la samaki. Pete kubwa nyeupe ilizunguka kichwa chake yeye akiwa ametulia, na alipokuwa humo akawaza kwamba hii ni mara ya kwanza kitu kinazunguka na si yeye.

Waliporudi Migori, Daktari Onchiri aliiweka ile picha kwenye kisanduku chenye taa. Ilikuwa karatasi nyeusi ngumu, kubwa kama trei ya chai, na ndani yake vichwa vidogo ishirini vimepangwa kama mayai yaliyopasuliwa katikati.

"Huyu wote ni mimi?" Teresa akauliza.

"Wote ni wewe. Sasa tazama huku kulia, sikio lako zima." Akaelekeza kwa kalamu. "Hii nyeusi ni hewa. Hii nyeupe ni mfupa. Hapa unaona konokono."

Aliona konokono kweli, mdogo, amejikunja.

"Huyo ndiye anasikia. Na hapa nyuma yake kuna pete tatu. Hizo ndizo zinakusimamisha. Zimefunikwa na mfupa pande zote, umeona? Sasa njoo kushoto."

Kushoto hewa haikuwepo. Palikuwa na wingu la kijivu limejaa kila mahali, na vijifupa vya kusikilia vimebaki kama makombo. Konokono alikuwepo. Pete zilikuwepo. Lakini moja, ile iliyolala ubavu kuelekea nje, ilikuwa imeachwa wazi upande mmoja, kama kikombe kilichomeguka mdomo.

"Hapo," Onchiri akasema. "Sauti ama mgandamizo ukiingia kwa hilo shimo, ubongo unaambiwa unazunguka, na wewe umesimama tu."

Teresa aliweka ukucha wake chini ya lile shimo. Lilikuwa dogo kuliko ncha ya sindano ya mumewe. Miaka miwili ya heshima ilikuwa imepitia hapo.

"Konokono yangu?"

"Ni mzima bado. Ndiyo maana nataka haraka. Shimo likikaa, uchafu utaingia mpaka kwake, sikio life kabisa, na baada ya hapo ni ubongo. Kuna daktari wa upasuaji anakuja Homa Bay Jumanne ijayo. Nimeshaandika jina lako. Sitakuficha: hata akikufungua vizuri, kusikia kwa upande huo kunaweza kupotea. Lakini utabaki hai na utasimama."

Dolphine alisema ataleta pesa za bima. Alikuwa na mteja wa kumnunulia mzigo mzima wa viatu, hata kwa hasara.

"Na hii picha muiweke kama cheti cha shamba," Onchiri akaongeza akiirudisha kwenye bahasha. "Daktari wa upasuaji hagusi sikio bila hiyo. Ndiyo ramani yake. Akikata bila kujua shimo liko wapi, anaweza kutoboa hata konokono."

Jumamosi Teresa alikuwa akianika omena juu ya nyavu kuukuu. Job alikuja na kigoda akakaa upande wake wa kulia, upande unaosikia.

"Nyar Mfangano. Kesho utasema nini?"

"Nitasema nilichoonyeshwa."

"Ulionyeshwa nini?"

"Shimo."

Job akachukua omena mmoja, akamgeuza, akamrudisha. "Mlango ni nini, kama si shimo? Sema ni mlango. Sema hapo ndipo anaingilia. Hautakuwa umedanganya."

"Wuon Dolphine," Teresa akamwita, yaani baba Dolphine, "mlango mtu hujenga. Hii imeliwa."

"Ukisema imeliwa, tutakuwa kina nani hapa Sori?" Sauti yake ilishuka. "Mimi nitakuwa nani?"

"Utakuwa fundi wa nyavu."

"Macho yangu siku hizi hayaoni tundu la sindano."

Kumbe ndiyo hiyo. Teresa aliacha kazi akamtazama. Walikaa hivyo, mmoja asiyesikia vizuri na mmoja asiyeona vizuri, katikati yao omena maelfu wakikauka.

"Basi tutapima na macho yako," akasema mwishowe. "Lakini Jumanne mimi naenda Homa Bay, na picha naenda nayo."

Job hakumwambia ule msumari wa mimbari ulikuwa wa nini. Alijaribu mara mbili. Mara zote mbili akaishia kusema omena wamekauka.

Kanisa lilijaa mpaka nje. Walikuja hata wa makanisa mengine, na ndugu wawili Waislamu wa duka la barafu waliosema wazi kwamba wao wamekuja kwa ajili ya mashine tu. Dolphine alikuwa mlangoni, mkoba wa safari mkononi. Kwenye benchi la kushoto watu walikuwa wamebanana kama viberiti, Bhoke akiwa wa kwanza, na kidole chake kilichopinda kikielekea dirishani.

Askofu Maranga aliipokea bahasha kutoka kwa Teresa kwa mikono miwili, akaitoa picha, akaiinua dhidi ya dirisha la upande wa ziwa.

"Mnaona?"

"Tunaona!" kanisa likajibu. Hakuna aliyekuwa ameona kitu.

"Sasa Mama Nabii mwenyewe atuonyeshe alipokaa."

Teresa alipanda akishika migongo ya mabenchi moja baada ya jingine. Kwenye kiti chenye mikono Job alikuwa ametazama viatu vyake.

"Hii ni kichwa yangu," Teresa alianza. "Imekatwa kama mkate. Hapa kuna konokono. Ndiye anasikia. Ni mzima, Mungu Nyasaye ashukuriwe."

"Amina!"

"Hapa kuna pete tatu. Ndizo zinanifanya nisimame. Hii moja iko na shimo. Ugonjwa ya sikio ndio imekula."

Mtu mmoja alisema amina, akajishika mdomo.

"Sauti kubwa ikiingia kwa hiyo shimo, mimi naanguka. Ngoma ikilia, naanguka. Lori ya miwa ikipiga honi Awendo, naanguka. Juzi upepo ulifunga mlango wa choo, nikaanguka, na hapakuwa na mtu wa kubarikiwa isipokuwa kuku."

Ndugu mmoja wa barafu alicheka, peke yake. Mabati yalisikika yakipanuka kwa jua.

"Mama Nabii," askofu akasema taratibu, "unatuambia Roho wa Mungu ni usaha?"

"Hapana, baba. Huyo daktari hakumpiga picha. Mimi sijui wapi yuko na wapi hayuko. Najua tu kilichokuwa kinaniangusha. Na si nyinyi tu mliamini. Hata mimi niliamini." Akasawazisha kitambaa juu ya sikio. "Ilikuwa tamu. Watu walikuwa wanakaa karibu na mimi."

Yule msichana aliyekaa miaka saba bila mtoto alisimama katikati ya kanisa, mtoto mgongoni. "Na huyu wangu, mama? Huyu ni wa nani?"

"Wa bwana yako, mama. Mwangalie masikio."

Wakacheka wachache, kwa maana masikio ya bwana yake yalijulikana. Lakini watu sita wa benchi la mbele waliinuka wakatoka, na mmoja wao alikuwa ametoa mia tano.

"Nimekuja kuwashukuru kwa mchango," Teresa akasema, "na kuchukua picha. Jumanne napasuliwa. Daktari hawezi kunifungua bila hiyo."

Askofu hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mtu aliyekwisha waambia watu mia tatu jambo moja kwa miaka miwili, na sasa mia tatu hao walikuwa wanamtazama. Aliibana picha kwa kibanio, akainyanyua, akaitundika kwenye msumari.

"Picha ni ya kanisa. Tulichanga. Hospitali wapige ingine."

"Ingine ni elfu tisa ingine!" Dolphine akasema kutoka mlangoni. "Na Jumanne ni keshokutwa!"

Job alisimama. Alifungua mdomo mara ya tatu kwa wiki hiyo. "Askofu. Ile maneno, ati ni ya aliyelipa. Hiyo ni mimi nilitunga."

"Keti, Job."

Job aliketi, lakini si pale. Alivuka akaketi benchi la kushoto, karibu na Bhoke, na kile kiti chenye mikono kikabaki kimeangaliana na watu kikiwa kitupu.

Hapo ndipo Bonface, mpiga ngoma, alipoinuka. Mzee huyo alikuwa na miaka sabini na kitu na hakuna aliyekumbuka kumsikia akisema kanisani. Ngoma ilikuwa ikisema kwa niaba yake. Alikuja na rungu lake la kupigia mkononi, lile lenye kichwa cha kitambaa na kitanzi cha ngozi. Alisimama mbele ya picha, akainua shingo, akalitafuta lile shimo mpaka akaliona.

"Mama Dolphine. Kwa hivyo miaka hii yote ni mimi nilikuwa nakugonga?"

"Ni wewe, mzee," Teresa akasema. "Lakini hukujua."

"Nilikuwa naongeza nguvu," Bonface alisema, kama anayejishtaki. "Ukichelewa kuanguka, naongeza nguvu."

Akaitoa picha kwenye msumari. Askofu akanyoosha mkono. "Mzee Bonface, rudisha. Kanisa lilichanga likapata picha ya kitu kinachomwangusha."

"Ndiyo, baba. Hata mimi nilichanga." Bonface alimkabidhi Teresa picha yake, kisha akachukua lile rungu akalitundika kwa kitanzi chake kwenye ule msumari wa inchi nne. Likaning'inia juu ya kichwa cha askofu. "Kinachomwangusha ni hiki. Kiacheni hapo."

Askofu alifungua Biblia, akapindua kurasa. Alionekana kutafuta andiko, na halikuja. Mwishowe alisema, kwa sauti isiyo ya mimbari, "Haya, tuimbe tufunge."

Waliimba *Nivushe*, wimbo wao wa mtumbwi wa kila Jumapili, bila ngoma, chini chini kwa sababu ya sikio la Teresa. Benchi la kushoto lilikuwa limepungua nusu. Bhoke hakuhama; Teresa akashuka akasimama kando yake. Alimsogezea Teresa bega, akamwambia, "Mimi nimezoea hapa. Vunja na kidole ingine ukitaka."

Ubeti wa kwanza mtumbwi ukaondoka. Wa pili mawimbi yakainuka, na hapo ngoma ilikuwa ikiingia, na hapo Teresa alikuwa akienda chini. Alishika benchi akangoja. Hapakuja kitu. Ubeti wa tatu aliujua kwa mbali, kama mtu anavyoujua akiwa amelala sakafuni huku anapepewa. Kisha watu wakavuta pumzi wakaendelea, na Teresa akamgeukia Bhoke kwa mshangao.

"Kumbe kuna wa nne?"

"Ulikuwepo siku zote," Bhoke akanong'ona. "Wewe ndiwe hukuwepo."

Ubeti huo ulitungwa na mvuvi mmoja aliyekuwa na njaa, kwa maana ulisema ng'ambo kuna taa, na uji wa moto, na watu wanaokujua jina. Teresa alisimama wima, bahasha kifuani, akausikiliza wote, sikio la kushoto ameligeuzia waimbaji, kwa kuwa Jumanne ilikuwa karibu na konokono alikuwa bado mzima.